Kanuni ya Tatu ya Funguo

Kambi ya magari, kando ya bwawa
Jumanne, saa nne asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta u mzima, goti lako limepungua uvimbe, na mumeo Mwalimu ameacha kubishana na daktari juu ya chumvi. Mimi mwili wangu hauna malalamiko, isipokuwa kikohozi cha vumbi ambacho huja na kuondoka kama mgeni asiyejua anataka nini. Kazi inaendelea. Wiki iliyopita nilikagua mizani kumi na saba, nne kati yake nikazifungia. Mwenye mojawapo, muuza misumari, aliniambia kwamba tangu afungue duka hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kulalamika, nami nikamjibu kwamba wateja wake hawana mizani nyumbani. Hakucheka. Sweta ulilofuma lilifika salama, na ninakushukuru. Nitasema zaidi juu yake huko mbele.

Barua yako nilikabidhiwa na karani wa posta siku niliyokwenda kukagua mizani yao ya vifurushi. Alinipa bahasha kabla sijafungua sanduku la mawe yangu ya kupimia, nami nikamwomba radhi, nikaisoma nikiwa nimesimama pale pale dirishani. Nimefurahi kwamba mmenunua gari-nyumba, na kwamba baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuzalisha watoto wa watu umepata cha kufanya ambacho hakipigi kelele usiku. Nimefurahi pia kwamba baada ya wiki sita mtafika hapa kambini, ili sisi wanne tuongozane miezi mitatu, gari lenu nyuma ya letu. Halafu ukaniuliza jambo moja, ukaliita dogo: funguo za akiba mnaziweka wapi ninyi wenzetu mliozoea, maana Mwalimu amekwisha kufungiwa nje mara mbili, na gari lenyewe bado halijatoka uani. Nilicheka mpaka karani akainua macho.

Nitakujibu, dada. Lakini nitangulize kusema kwamba ndani ya jibu hili limo jambo ambalo sina budi kukueleza kabla hamjawasha injini. Mkifika bila kulijua mtaliona wenyewe kabla hamjashuka, na sitaki ulijue kwa njia hiyo. Nimekwisha kuchana barua tatu. Kila moja ilikwenda vizuri hadi ilipofika hapo. Kwa hiyo safari hii naanza na funguo, na nitajitahidi kutoishia kwenye funguo.

Gari la aina hii halina ufunguo mmoja. Letu lina nne: wa kuwashia injini, wa mlango wa ubavuni, wa kijumba cha mtungi wa gesi, na wa kifuniko cha tangi la maji. Watu wengi huchonga akiba ya ule wa kwanza tu, wakajiona wamejipanga. Lakini utakaokukwamisha ni ule mdogo uliodhani hauna maana. Kwa hiyo chongesheni seti mbili kamili, na kila ufunguo mpya ujaribiwe kwenye tundu lake siku hiyo hiyo, fundi akiwa bado hajaondoka. Ufunguo usiojaribiwa ni kipande cha chuma tu. Seti hizo mbili zisikae mkoba mmoja wala mfuko mmoja wa suruali, na hasa suruali ya Mwalimu.

Utaona madukani vijisanduku vya sumaku vya kubandika chini ya gari. Usinunue. Barabara mbovu moja inatosha kukiangusha, nawe utaendelea kuamini kwamba unacho hadi siku utakapokihitaji. Usifiche ufunguo juu ya tairi, kwa sababu mwizi naye ana mikono. Usiweke akiba ya kijumba cha gesi kwenye droo ya jikoni, kwa sababu siku utakayotaka kufunga gesi haraka utakuwa nje na droo itakuwa ndani. Sisi tulinunua kisanduku cha chuma chenye kufuli la namba, tukakifunga kwa bolti kwenye chasisi, nyuma ya bampa la nyuma, mahali ambapo hukioni mpaka uchuchumae, uinamishe kichwa na kujichafua. Hicho ndicho ninachokushauri. Namba zake muwe nazo kichwani nyote wawili, zisiandikwe popote.

Unanijua mdogo wako. Baada ya kisanduku niliandika na kanuni, nikazibandika upande wa ndani wa mlango wa kabati la vikombe. Ni nne. Ya kwanza, kila mmoja ana seti yake na hashiki ya mwenzake. Ya pili, tukitoka pamoja, seti moja hubaki kisandukuni. Ya tatu, anayeondoka peke yake kwa zaidi ya usiku mmoja huacha seti yake kisandukuni, ili anayebaki asikose akiba. Ya nne, kila mwanzo wa mwezi kisanduku kifunguliwe, kikaguliwe, kifungwe.

Shemeji yako alizisoma kanuni hizo akiwa amekunja mikono, akaniambia kwamba funguo zangu zina sheria nyingi kuliko mahabusu, na kwamba angependa kujua kama zinaruhusiwa kutembelewa na jamaa siku za Jumapili. Katika miaka kumi na mmoja sikumbuki hata mara moja aliyofuata mojawapo. Nilizikuta funguo zake kwenye trei ya mayai ndani ya friji. Nilizikuta ndani ya kiatu, ndani ya kopo la unga, na siku moja zikining'inia kwenye kitasa cha mlango, upande wa nje, tumelala usiku kucha. Nilipomwonyesha, alisema mwizi mwenye akili angedhani ni mtego. Wewe ni mkunga, umeyaona mengi. Utanielewa nikisema kwamba nilikasirika na kucheka kwa wakati mmoja, na kwamba sijui ni lini kicheko kilipungua.

Sasa nikueleze yaliyotokea Alhamisi.

Nilikuwa nimerudi kutoka kwenye kinu cha nafaka, saa tano hivi asubuhi. Niliinjika birika la maji jikoni, nikaiweka simu kwenye chaji, nikakumbuka kwamba tangi lilikuwa limebaki na maji kidogo. Nikachukua mpira wa maji, nikaziweka funguo zote juu ya meza, nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba nakwenda kuunganisha mpira bombani na narudi sasa hivi kuchukua ufunguo wa tangi. Nikashuka, nikausukuma mlango nyuma yangu ili vumbi lisiingie. Kitasa cha mlango ule hujifunga chenyewe. Nilisikia kikilia, nikapiga hatua mbili tatu kuelekea bombani, ndipo nikasimama.

Kupitia dirishani niliuona moto chini ya birika. Nililiona pia pazia la dirisha la pili, ambalo nilikuwa nimeliacha wazi upana wa vidole vinne kwa ajili ya hewa. Upepo ulikuwa ukilivuta pazia kuelekea jikoni, ukiliachia, ukilivuta tena. Kila lilipovutwa lilifika karibu zaidi na moto, au nilidhani linafika karibu zaidi. Mtu mwenye hofu si chombo cha kuaminika. Milango ya mbele ilikuwa imefungwa, kama ninavyoifunga kila nikiegesha. Kijumba cha gesi kilikuwa kimefungwa. Funguo zake zilikuwa mezani, nazitazama.

Msimamizi wa kambi hii ni mama mmoja mtu mzima ambaye kila mtu humwita Bi Filimbi, kwa kuwa huwapigia filimbi watoto wanaokimbia karibu na maji. Msimu huu hakuna watoto, lakini filimbi bado iko shingoni. Alinikuta naugonga mlango kwa viganja, akaniambia kwamba mlango hauna masikio, mwanangu, niache kuusumbua. Nilipomweleza juu ya moto alichungulia, akasema pazia hilo ni zuri, ni hasara. Akapendekeza jiwe. Nikamwambia dirisha ni la plastiki nene ya tabaka mbili, jiwe litarudi limpige yeye. Akasema basi tutafute jiwe kubwa zaidi. Kisha akaacha utani, akaniuliza kama sina funguo za akiba. Nikamjibu kwamba ninazo, ila ziko kwa mume wangu. Akaitoa simu yake mfukoni, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akaniambia basi mpigie, unangoja nini, unataka ale majivu?

Hapa ndipo nilipozichana barua zile tatu.

Dada, shemeji yako hayuko nami. Aliondoka mwezi wa nane mwaka jana. Ijumaa hii itatimia miezi tisa. Hakufa, hakufukuzwa, na kadiri nijuavyo hakuna mwanamke mwingine, ingawa kwa hilo ninategemea maneno yake tu. Alichoka na njia. Alikuwa amenieleza mara nyingi kwamba anataka karakana ambayo akiiacha jioni ataikuta asubuhi mahali pale pale, na ubao anaoweza kuuacha ukauke mwaka mzima. Katika mji mmoja ambako tuliegesha wiki mbili, seremala mzee alimpa nafasi kwenye karakana yake. Aliniomba tubaki. Nilimwambia mkataba wangu una miaka miwili zaidi, tungoje, tutalitazama jambo hilo kwa utaratibu. Akasema amekuwa abiria kwenye ratiba ya mtu mwingine kwa miaka kumi na mmoja, na kwamba hanilaumu, lakini anashuka.

Asubuhi aliyoondoka nilikuwa chini ya gari, upande wa mbele, nakaza nati za bampa. Aliinama akaniambia anakwenda. Nikamwambia sawa. Sikutoka. Nilimjibu mume wangu wa miaka kumi na mmoja nikiwa nimelala chali na spana mkononi, sawa, kama mtu anayeambiwa kwamba mkate umekwisha dukani. Niliiona miguu yake ikielekea nyuma ya gari. Huko ikasimama, nyuma ya tairi, nikawa naziona nyayo tu. Ilisimama kama dakika nzima, na mimi nilishika pumzi nikingoja kuona itageukia wapi. Kisha ikaenda zake.

Dakika ile nimeishi nayo, dada. Nilijiambia kwamba alisimama kwa sababu alisita. Na nilipotazama ndani nikakuta funguo zake hazipo kwenye friji, hazipo kwenye kopo la unga, hazipo popote, nikajiambia kwamba amezichukua, na mtu asiyekusudia kurudi habebi ufunguo wa nyumba. Nilijua hoja hiyo ni dhaifu. Ningemrudishia mkaguzi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kazi yake kwa hoja kama hiyo. Hata hivyo nililala juu yake miezi tisa, na kwa sababu yake sikubadili vitasa, wala sikuchonga seti nyingine. Kuchonga seti nyingine kungekuwa kusema kwamba ile yake haihesabiki tena.

Na kwa sababu hiyo hiyo sikukuambia wewe. Wiki moja baada ya yeye kuondoka nilikuandikia barua, nikafika mwisho, mkono ukaandika wenyewe kwamba shemeji yako anakusalimu sana. Niliitazama sentensi hiyo muda mrefu. Kisha nikaibandika stempu. Barua iliyofuata ilihitaji salamu pia, na iliyofuata, na kwa kuwa ulimwuliza hali ikabidi ajibu. Lile jino lililomsumbua mwezi wa kumi na moja nililitunga. Ugomvi wake na fundi wa matairi, uliokufurahisha hata ukamsomea Mwalimu mezani, niliutunga nikiwa nimekaa hapa hapa, na nakiri kwamba nilipokuwa nikiutunga nilikuwa nacheka, kwa maana ndivyo ambavyo angesema hasa. Ukamfumia sweta. Ninalivaa mimi. Ni la joto sana, mikono yake ni mirefu, naikunja mara mbili. Naomba unisamehe kwa sweta kuliko kwa mengine yote, kwa sababu mengine yalikuwa maneno yangu, lakini sweta ni jioni zako ngapi, na goti lile.

Basi niliishika simu ya Bi Filimbi. Namba ya mume wangu ninaijua kwa moyo. Katika miezi tisa sikuwahi kuipiga, naye hakuwahi kunipigia; kila mmoja, nadhani, alikuwa akimngoja mwenzake, au mmoja wetu tu ndiye aliyekuwa akingoja. Aliitika mlio wa tatu. Nikasema ni mimi. Akasema anajua. Nikamwambia, haraka na bila salamu, kwamba nimefungiwa nje, jiko linawaka, pazia linapepea, na kwamba sijui yuko umbali gani, ila funguo zake ndizo pekee zilizo nje ya gari.

Nilisikia randa ikisimama. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeshangaa kuulizwa, kwamba funguo zake anazo wapi, si ziko kisandukuni, aliziweka siku ile ile, si ndiyo kanuni yangu ya tatu? Akanitajia zile namba nne mojamoja, polepole, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na tabia ya kusahau. Akasema nikimbie, maneno baadaye. Nikamrudishia Bi Filimbi simu yake bila kuikata, nikalala chali nyuma ya gari.

Kisanduku kilikuwa kimeganda kwa matope ya miezi tisa. Nilikisugua kwa kiwiko, nikazizungusha namba, kikafunguka. Ndani yake mlikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira mara tatu, na ndani ya mfuko funguo nne, zimepakwa mafuta zisishike kutu. Sikupata nafasi ya kuzitazama. Nilifungua, nikazima jiko, nikaling'oa pazia lote pamoja na fimbo yake. Lilikuwa limeanza kubadilika rangi pembeni, kama shati lililopigwa pasi ya moto mno. Maji yalikuwa yamekauka na birika limekufa. Hakuna kingine kilichoharibika. Bi Filimbi aliingia nyuma yangu, akanusa, akatazama huku na huku, akasema nyumba nzuri, vikombe vingi kwa mtu mmoja. Kisha akanikalisha chini.

Alipokwenda zake ndipo nilipozitazama funguo. Mafuta yale ni ya karakana, yale anayopaka kwenye patasi zake. Mfuko ule haukuokotwa kwa haraka. Alikuwa ameukata ukubwa wake kwa mkasi. Kwa hiyo alijiandaa tangu usiku, au tangu juzi yake. Ile dakika aliyosimama nyuma ya gari hakuwa akisita. Alikuwa amechuchumaa akitii kanuni, yeye ambaye hakuwahi kuitii hata moja, na mimi nikiwa mita nne tu kutoka pale nikidhani moyo wake unamrudisha.

Sijui niweke uzito gani juu ya jambo hili, dada, na hiyo ndiyo kazi yangu. Upande mmoja linaniambia kwamba aliyeacha ufunguo ameacha na nyumba. Upande wa pili linaniambia kwamba mtu anayeondoka, na moyo wake umekwisha kutoka, hakati mfuko kwa mkasi ili mwenzake asifungiwe nje. Nimeupima kila upande mara nyingi, na kila mara sindano husimama mahali tofauti. Kuna pia jambo la tatu, linaloniaibisha zaidi. Kanuni ya nne ilinitaka nikifungue kisanduku kila mwezi. Mimi, niliyeiandika, sikukifungua hata mara moja. Nilijiambia kwamba ni tupu, na kitu tupu hakikaguliwi. Nimekwisha kuwaandikia onyo wenye maduka wengi kwa kosa hilo hilo, la kutopima kile unachoogopa majibu yake. Inawezekana nilijua. Siwezi kuapa kwamba sikujua.

Jana asubuhi Bi Filimbi alikuja kuniambia kwamba yule mwanamume alimpigia kwenye simu yake Alhamisi ile ile alasiri. Aliuliza kama yule mama aliingia. Bi Filimbi akamjibu aliingia, birika tu ndilo marehemu. Mume wangu akacheka kidogo. Kisha akauliza kama nimekula. Bi Filimbi akamwambia kwamba yeye ni msimamizi wa kambi, si mpishi wa mtu, na kama anataka kujua ninachokula ana njia ya kujua. Akasema asante, mama, akakata. Hakuacha ujumbe. Bi Filimbi alitaka kunipa namba ile, nikamwambia ninayo. Akasema kama ninayo basi, filimbi yake yeye ni ya watoto tu.

Sijampiga. Nadhani hatarudi, na nadhani hata nikimpigia tutazungumza vizuri, na tukimaliza atakuwa bado ana karakana yake nami nitakuwa bado nina barabara. Ninaweza kuwa nimekosea. Nimekosea miezi tisa mfululizo, kwa hiyo sina sababu ya kudhani kwamba wiki hii nimepona.

Lakini swali lako bado sijalimaliza. Nimekushauri kisanduku, na kisanduku ni kizuri. Kinamfaa mtu aliye nje anayetaka kuingia. Alhamisi jioni nilifunga komeo la ndani kama kawaida, nikalala, na kwa mara ya kwanza nikafikiria kinyume chake: kwamba mtu akiwa ndani, akaanguka bafuni, au homa ikampanda, ni nani nje anayejua kwamba kuna mlango wa kufungua? Kazini wananitarajia mwisho wa mwezi. Mama husikia sauti yangu kila baada ya wiki mbili, na tulikuwa tumezungumza siku tatu nyuma. Kwa hesabu yangu ninaweza kukosekana siku kumi na moja kabla mtu hajashangaa. Sikuandiki haya ili uingiwe na hofu. Nayaandika kwa sababu uliniuliza, na kwa sababu sikulijua jibu mpaka nilipoanza kukujibu: akiba nyingine ni mtu aliye nje atakayeshangaa usipoonekana.

Kwa Mama nitasema mwenyewe, nakuomba usinitangulie. Mwalimu mweleze yote, ila mwombe asimpigie shemeji yako kumwonya kiume. Namjua, ataanza na maonyo na kumaliza kwa kuagiza kabati. Msalimie sana, mwambie ufunguo akae nao shingoni kama Bi Filimbi. Msalimie jirani yako fundi cherehani, na wale mapacha uliowazalisha ambao sasa wanakuzidi urefu. Na wewe mwenyewe lipumzishe goti. Safari itakayoanza baada ya wiki sita haihitaji uwe umechoka kabla ya kuanza.

Tutakuwa watatu, si wanne. Kuna nafasi nzuri upande wa kulia wa gari langu, yenye kivuli kuanzia saa saba. Katika mstari wa mwisho wa ukurasa huu nilikuwa nimeandika kwamba kama habari hizi zimewabadilishia mipango, mkaamua kupita njia nyingine, nitaelewa. Utaona nimeukata kwa kalamu. Nimeukata kwa sababu si kweli. Njooni.

Nduguyo akupendaye,
Mdogo wako